Mama Kayai na Kibali cha Kusema

Masika yaliyopita mjukuu wangu alikuja Bulyaga kututembelea, na kwa kuwa mvua za huku kwetu Tukuyu zikianza hazijui kukoma, tulishinda ndani siku tatu mfululizo. Siku ya pili, nadhani baada ya kuchoka kunisikiliza, alitoa simu yake akaniuliza kama nilipata kuona vichekesho vya zamani vya Kenya. Akaiegemeza simu kwenye birika la chai, mimi na bibi yake tukasogeza viti. Ndipo nikamwona tena Mama Kayai, baada ya miaka karibu 30.

Mke wangu alicheka mpaka akafuta machozi kwa pindo la kanga. Mimi nami nilicheka, kisha nikanyamaza. Akaniuliza, "Mwalimu, mbona umenyamaza?" Sikumjibu. Makala haya ndiyo jibu langu kwake, ingawa limechelewa, na nitaomba msomaji anivumilie kwa sababu jibu lenyewe lina mzunguko kidogo.

Kwanza nimweleze asiyemjua. Mama Kayai ni jina la mhusika. Mwigizaji wake anaitwa Mary Khavere. Mchezo wenyewe ni Vitimbi, ulioonyeshwa kwa miaka mingi na shirika la utangazaji la Kenya, lile ambalo tangu mwaka 1989 linaitwa KBC na kabla ya hapo liliitwa Sauti ya Kenya. Katika mchezo huo Mama Kayai ni mke wa Ojwang Hatari, mzee mwenye maneno mengi na hila nyingi zaidi ya maneno, aliyeigizwa na marehemu Benson Wanjau. Wawili hao walikaa katika nafasi hizo muda mrefu sana, hata Wakenya wengi wakaamini kwamba ni mke na mume kweli. Hawakuwa. Wanjau alikuwa na mkewe nyumbani, na Bi Mary naye alikuwa na maisha yake.

Mara ya kwanza nilimwona Desemba 1993. Nilikwenda Nairobi kwenye arusi ya mpwa wangu, nikafikia kwa mwalimu mwenzangu niliyesoma naye. Sisi wa Tanzania Bara wakati huo hatukuwa na televisheni. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, lakini sisi ilibidi tungoje hadi 1994. Kwa hiyo jioni ile, muda wa Vitimbi ulipofika, nilishangaa kuona mlango wa mwenyeji wangu unaachwa wazi, watoto wa majirani wanaingia bila hodi na kuketi sakafuni, na mama zao wanasimama mlangoni wakijifanya wamefuata watoto. Mimi mgeni nilipewa kiti cha mbele. Kisa cha siku ile kilikuwa chepesi: mume ana jambo anamficha mke, na watazamaji wote tunalijua. Ojwang alizungumza, akaruka huku, akaruka kule, akaapa. Watoto walikuwa wamekwisha kufa kwa kicheko. Mama Kayai alikuwa amesimama tu. Nikagundua kwamba akina mama waliokuwa mlangoni hawamtazami Ojwang hata kidogo. Walikuwa wanamtazama yeye, wakingoja.

Hapo ndipo ninapotaka kuanzia uhakiki wangu. Katika vichekesho vya watu wawili, aghalabu sifa huenda kwa yule anayeruka. Mwenzake huitwa msaidizi. Lakini yeyote aliyepata kufundisha uigizaji, hata uigizaji wa shuleni kama wangu mimi, anajua kwamba anayeruka huruka kwa sababu kuna ardhi chini yake. Uongo wa Ojwang ungekuwa kelele tupu kama pasingekuwapo mtu wa kuusikiliza kwa uso ule. Mama Kayai anausikiliza uongo kama mama muuza nyanya anavyosikiliza bei ya mteja asiye na fedha: hakatizi, hakasiriki, anakuacha umalize ili uone aibu mwenyewe. Halafu anasema neno moja au mawili, na nyumba nzima inaanguka. Sanaa ya kuchekesha kwa kunyamaza ni ngumu kuliko ya kuchekesha kwa kusema, kwa sababu anayesema akikosea neno atasahihisha kwa neno lingine, ila aliyenyamaza wakati usiofaa hana la kufanya.

Jambo la pili ni ulimi wake. Mama Kayai na Ojwang husema Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, kile kinachoigeuza "sh" kuwa "s", shamba likawa "samba". Basi zingatia, ndugu msomaji: Khavere ni jina la Kiluhya na Wanjau ni jina la Kikuyu. Mluhya na Mkikuyu waliingia kila wiki katika nyumba za Wakenya wakiwa Wajaluo, wakisema Kiswahili, lugha ambayo si ya yeyote kati ya makabila hayo matatu. Nchi ile tunajua ilipita wapi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na wengi wao kosa lao lilikuwa jina na lafudhi. Sitasema kwamba kichekesho kingeweza kuzuia mapanga. Kichekesho hakina uwezo huo, na anayedai kinao anakitwisha mzigo usio wake. Ninachosema ni kwamba kumwiga jirani yako kwa miaka mingi bila jirani kukasirika ni kazi inayotaka heshima kubwa. Mtu akiiga lafudhi kwa kuidharau, mwenye lafudhi atajua katika sentensi ya kwanza. Sisi Wanyakyusa tunalijua hilo. Tumekwenda Dar es Salaam tukachekwa kwa kuchanganya "l" na "r", na tunatofautisha vizuri sana anayetucheka na anayecheka nasi.

Huku kwetu Tanzania mwanamke wa kuchekesha alichelewa kupata nafasi. Nilipokuwa mwanafunzi hapa Rungwe, tukicheza vichekesho siku ya kufunga shule, mke aliigizwa na mvulana aliyefungwa kanga na kuwekewa machungwa mawili kifuani, na kicheko chote kilikuwa juu ya machungwa. Redio Tanzania ilipotuletea Pwagu na Pwaguzi tulifunga maduka kuwasikiliza, na hao walikuwa wanaume wawili. Miaka ya 1980 vikundi kama Muungano vilizunguka nchi na ngoma, sarakasi, taarabu na vichekesho, kisha mwaka 1992 ikaja TOT ya marehemu Kapteni John Komba. Wanawake walikuwapo majukwaani, nao walikuwa hodari. Lakini muulize Mtanzania yeyote wa rika langu akutajie wachekeshaji, atakutajia King Majuto aliyefariki Agosti 2018, na atajua hata jina lake la nyumbani, Amri Athumani. Atakutajia Mzee Small aliyefariki Juni 2014, na atajua kwamba ni Said Ngamba. Ukimsukuma zaidi atasema: na yule Bi Chau, na Bi Mwenda, na Bi Hindu. Muulize sasa majina yao waliyopewa na wazazi wao. Atakuna kichwa, kama nilivyokuna mimi.

Wapo wanaosema kwamba afadhali majina yao yasijulikane, maana kazi yenyewe ni ya fedheha. Hoja yao si ya kupuuzwa, na nimeisikia hata kwa akina mama wasomi ninaowaheshimu. Wanasema: mke wa kwenye vichekesho ni yule yule siku zote, mwenye makelele, asiyesoma, mwenye wivu, mikono kiunoni, anayegombana na mumewe juu ya unga na shilingi. Binti akitazama hayo kila wiki anajifunza nini? Tena naongeza la kwangu, kwamba Vitimbi wenyewe una upungufu. Visa vyake hujirudia. Mara nyingi mwisho wake ni somo lililobandikwa kama stempu kwenye bahasha. Nao ulikuwa mchezo wa televisheni ya serikali, enzi ambapo wakubwa wa Nairobi walikuwa wakali kwa utani, hivyo Mama Kayai aliweza kumsema mumewe kadiri alivyotaka, lakini ni nadra ulimi wake kuvuka ua wa nyumba yake.

Mashtaka hayo hayo aliyapata mwanamke mwingine mbali kabisa na hapa, na kisa chake hunisaidia kufikiri. Hattie McDaniel alizaliwa mwaka 1893 katika jimbo la Kansas, Marekani, mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa. Alikuwa mwimbaji na mchekeshaji kabla ya kuingia katika filamu, na Hollywood ya wakati ule ilikuwa na kazi moja tu kwa mwanamke mweusi mnene mwenye sauti nzito: mtumishi wa nyumbani. Alicheza watumishi mpaka akazeeka. Februari 1940 akawa mtu mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Oscar, kwa nafasi ya yaya katika filamu ya Gone with the Wind, na usiku ule wa sherehe aliketishwa kwenye meza ndogo ya pembeni kwa sababu hoteli ile haikuwa ikipokea weusi. Wakati huohuo viongozi wa watu weusi wa nchi yake, Walter White wa chama cha NAACP akiwa mbele, walimlaumu kwamba anawauza wenzake kwa kucheza watumishi. Akala bakora za pande zote mbili. Alifariki mwaka 1952, na makaburi aliyoomba kuzikwa yalimkataa kwa rangi yake.

Iko filamu yake moja ya mwaka 1935 iitwayo Alice Adams. Familia isiyo na uwezo inataka kumpokea kijana wa kitajiri anayemtaka binti yao, kwa hiyo inakodisha mtumishi kwa usiku mmoja ili ionekane ya watu wakubwa. Hattie ndiye mtumishi huyo. Usiku una joto la kuua, chakula ni cha moto na kizito, kofia yake ya utumishi inamteleza kichwani, naye anatafuna huku akihudumia, kwa mwendo wa mtu asiye na haraka yoyote. Mhakiki wa haraka atasema: tazama, wamemfanya mweusi kuwa goigoi. Lakini tazama tena. Mezani pale kila mtu anadanganya. Baba anadanganya kwa nguo, mama kwa vyakula, binti kwa mazungumzo. Mtu mmoja tu chumbani hajifanyi kitu chochote, na kila anapopita na sahani uongo wao unaonekana zaidi. Amepewa nafasi ya mtumishi, akaitumia kuhukumu karamu nzima bila kusema maneno kumi. Mwenye kumwandikia nafasi ile sidhani kama alimwomba afanye hivyo.

Tangu nimefikiri hivyo juu ya Hattie, ninamtazama Mama Kayai kwa jicho jingine. Nafasi aliyopewa ni finyu, hilo nakubali. Swali la mhakiki liwe: ndani ya ufinyu ule alifanya nini? Nami najibu kwamba aliigeuza nafasi ya mke mgomvi kuwa kiti cha hakimu. Ojwang ndiye mwenye nyumba, ndiye mwenye sauti, lakini hakuna uongo wake uliopita bila kupimwa na yule mama. Na mama wale wa Nairobi waliosimama mlangoni walikuwa wakingoja hukumu.

Sasa nifike kwetu, maana ndiko jibu la mke wangu liliko.

Kwa desturi ya Wanyakyusa, mwanamke aliyeolewa na baba mkwe wake hawakutani. Akimwona anakuja njiani anajificha migombani au anageuka na kujifunika. Jina lake halitaji, wala maneno yanayofanana na jina hilo. Monica Wilson, yule mtaalamu kutoka Afrika Kusini aliyeishi Rungwe miaka ya 1930, aliliandika jambo hilo kwa urefu, na sisi tuliokulia humu hatukuhitaji kitabu ili kulijua. Mama yangu mzazi alikuwa akitupa ndoo ya maji chini na kukimbia. Desturi imelegea siku hizi, lakini kivuli chake bado kipo: mwanamke kijana mbele ya wakubwa hutazama chini na sauti yake hushuka.

Bibi kizee peke yake ndiye asiye na mzigo huo. Aliyezaa akamaliza, akazika wakwe zake, akapoteza meno, huyo husema apendavyo. Alikuwako shangazi yangu mmoja ambaye matangani, siku ya tatu au ya nne watu walipokwisha kulia, alikuwa akisimama na kumwiga marehemu: alivyotembea, alivyokohoa, alivyoomba tumbaku na kuahidi kulipa kesho. Wafiwa walicheka wakilia. Humo ndani ya kumwiga marehemu alipenyeza na habari za walio hai, nani hakuchangia jeneza, nani alimkopa marehemu na sasa amenyamaza. Hakuna aliyethubutu kumkemea. Uzee ulikuwa kibali chake.

Mwaka 1991 nilikuwa mkuu wa chuo kimoja cha ualimu. Tulikuwa na utaratibu wa tafrija mwisho wa muhula, na mwaka ule tulialika wageni kutoka wilayani na mkoani. Katika ratiba kulikuwa na kichekesho cha wanachuo wa mwaka wa pili. Akatoka msichana mmoja wa kutoka milimani, mwembamba, mpole kiasi kwamba darasani nilikuwa sijapata kumsikia akijibu swali bila kuulizwa mara mbili. Amejifunga kilemba, amejaza nguo mgongoni, anatembea kwa mkongojo. Alikuwa bibi muuza kimpumu. Kila mteja aliyekuja kunywa, bibi alikuwa akitazama ukutani kwenye alama za chaki za madeni.

Ukumbi ulicheka tangu alipotia mguu wa kwanza. Baadaye akaja mteja aliyevaa suti ya Kaunda, kalamu mbili mfukoni, anaitwa mwalimu. Bibi akamhesabia alama zake, moja moja, kwa upole wa kutisha. Mwalimu akasema, bibi, mshahara ukitoka. Bibi akauliza, mwanangu, mshahara wa mwezi gani? Mwalimu akataja mwezi. Bibi akahesabu kwa vidole, akarudia, akavua kandambili akahesabu na vidole vya miguu. Halafu akanyamaza. Akamtazama yule mwalimu, kisha taratibu, bila kusema neno, akageuza uso akawatazama wageni wetu waliokaa mstari wa mbele.

Msomaji aliyekuwa mtumishi wa umma miaka ile anajua mishahara ya walimu ilivyokuwa ikichelewa. Ukumbi ulilipuka. Wapishi walitoka jikoni kuangalia kuna nini. Hata mgeni wetu mmoja alicheka, nami nilimwona. Lakini mimi sikucheka. Nilihisi jasho mgongoni.

Kesho yake nilimwita ofisini. Nilimwambia kwamba ualimu ni kazi ya heshima, kwamba mwalimu hawezi kuwa kichekesho mbele ya watu, kwamba amejidhalilisha mwenyewe, chuo na jinsia yake. Nilitumia neno hilo, kujidhalilisha. Alisimama akitazama sakafu, akasema, "Nisamehe, Mkuu." Nikamwambia nisisikie tena habari za bibi yule. Akasema, "Ndiyo, Mkuu." Nikajiona nimemsaidia.

Leo naweza kukiri kwamba heshima ya ualimu haikuhusika. Nilikuwa na hofu. Niliwaogopa wageni. Yale aliyoyasema bibi wa kimpumu, mimi mkuu wa chuo nilikuwa nimeyaandika katika barua tatu zenye maneno ya adabu, na barua zote tatu zilikuwa hazijajibiwa. Msichana wa miaka 20 aliyasema kwa kuhesabu vidole, yakafika. Asingeweza kuyasema kwa sauti yake mwenyewe. Malezi yake yasingemruhusu, na sisi wakubwa tusingemsikiliza. Aliazima mgongo wa bibi kizee ili apate kibali, nami nikamnyang'anya kibali chenyewe.

Mwaka uliofuata nilikwenda kukagua wanachuo waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Shule moja ya kijijini nilifika mapema, mvua ikinyesha, nikasimama barazani kujikung'uta. Darasa la kwanza lilikuwa upande ule. Nikasikia sauti ya bibi. Bibi alikuwa amepoteza mbuzi wake, na hawezi kusoma jina la mbuzi kwenye kibao, macho mabovu, wajukuu wamsomee. Watoto karibu 80 walipiga kelele, "Ba! Be! Bi!" Bibi akajifanya hasikii vizuri. Wakarudia kwa nguu zaidi, kila mmoja akitaka yeye ndiye asikike. Miaka yangu yote ya kazi nilikuwa nikifundisha namna ya kufundisha kusoma, na sijapata kusikia darasa la kwanza likisoma vile.

Nikatokeza dirishani. Aliniona. Nakumbuka mgongo wake ulivyonyooka, kama mtu aliyechapwa. Akasema kwa sauti ya vitabuni, "Sasa watoto, tazameni ubaoni, tusome pamoja." Watoto wakasoma pamoja. Walisoma kama watoto wanavyosoma mkaguzi anapokuwapo. Nikaingia, nikaketi nyuma, nikajaza fomu yangu, nikampa alama nzuri. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia aendelee na bibi yule. Sikumwambia. Mkuu wa chuo anapata taabu kumwambia mwanachuo kwamba alikosea, hasa akiwa bado mkuu.

Sijui kama pangekuwapo mtu kama mimi kwenye njia ya Mary Khavere. Yawezekana walikuwapo kadhaa, maana sisi wa aina yangu tuko kila mahali penye ofisi. Jambo moja najua, kwamba mtu hawezi kukaa katika sura ya mhusika mmoja kwa miongo kadhaa kama ndani ya sura ile hakuna kitu anachokihitaji yeye mwenyewe. Benson Wanjau alijipaka weupe ili aonekane mzee, na akaendelea hivyo mpaka uzee wa kweli ukamkuta ndani ya uzee wa kuigiza. Alifariki Julai 2015 akiwa na miaka 78. Wakenya walipomlilia, wengi walimwonea huruma Mama Kayai kama mjane. Mtu asiyejua sanaa atasema walichanganyikiwa. Mimi nadhani walikuwa wanakiri kazi ya mwigizaji. Mtu ambaye umemwona akisikiliza uongo wa mtu mmoja kwa uvumilivu ule, mbele ya macho yako, miaka yote ile, huwezi kumwambia pole ya kazini tu.

Narudi kwa wanaosema kwamba mwanamke wa vichekesho anadhalilishwa. Nilikuwa mmoja wao, tena mwenye madaraka, kwa hiyo nina haki ya kuwajibu. Wako wanaodhalilishwa kweli. Kichekesho kinachotaka tucheke machungwa kifuani kinamdhalilisha mwanamke hata kama hakuna mwanamke jukwaani. Kipimo changu siku hizi ni kimoja: kicheko kinapokwisha, nani amebaki hana nguo? Katika vichekesho vibovu ni yule mama. Katika vile vya Mama Kayai ni mwongo aliyesimama mbele yake. Katika kile cha mwaka 1991 tulikuwa sisi wa mstari wa mbele, na ndiyo maana nilitoa jasho.

Yule mwanachuo wangu alifundisha miaka yake yote huku huku Rungwe. Hukutana naye mara moja moja sokoni Tukuyu. Sasa naye ana wajukuu, na mgongo umeanza kuinama bila kujazwa nguo. Hunisalimia kwa heshima ile ile, "Shikamoo Mkuu," akitazama chini. Hatujapata kuzungumza habari za bibi wa kimpumu. Nimemwambia mke wangu kwamba mvua zikipungua tutamwalika nyumbani, na mjukuu ameniachia vichekesho vile vya Kenya katika simu yangu. Nitaiegemeza kwenye birika la chai, kisha nitaomba radhi. Mke wangu anasema nianze na radhi kwanza, vichekesho baadaye, na nimekubali kwamba yeye ndiye mwenye akili.

Kama kuna mkuu wa shule au wa chuo anayesoma haya, na anaye mwanafunzi mpole ambaye akijifunga kilemba anageuka mtu mwingine, namwomba jambo moja. Siku wageni watakapokuja, amwache atoke. Na akigeuka kukutazama wewe uliyeketi mstari wa mbele, kaa hapo hapo utazamwe.